Bati la picha za ukoo: kuzibandua, kuwatambua waliomo, na kupiga za leo

mnyanjani_tz

Wakuu salaam. Kuna bati la biskuti la picha za ukoo, Tanga, kiasi cha picha 140. Nyingi ni nyeusi na nyeupe za studio, nyingine za rangi ambazo zimegeuka nyekundu. Pamoja nazo kuna albamu mbili zile za kurasa za gundi zenye nailoni juu, bahasha moja ya negativi (filamu zilizooshwa), na picha moja ya fremu iliyogandana na kioo chake. Skana hakuna. Kuna simu yenye kamera ya kawaida na ya 2x (ya kuvuta mara mbili).

Maswali matatu. Kwanza, nazitoaje na kuzinakili bila kuziharibu? Pili, nitajuaje ni za mwaka gani na waliomo ni kina nani? Wazee wanaoweza kujibu wamebaki watatu. Tatu, nyumba yenyewe itaezuliwa na kujengwa upya baada ya miezi minne, nami nataka nipige picha maisha ya mle ndani kabla, wajukuu waje wajue walikotoka. Nipige nini na vipi? Naomba majibu ya kina.

---

dawa_na_karatasi

Mkuu, usianze na picha nzuri, anza na zinazokufa. Nyeusi na nyeupe zilizooshwa vizuri studio zitakusubiri, maana picha yenyewe ni chembe za fedha ndani ya gelatini, yaani ule utando ulio juu ya karatasi. Za rangi ni tabaka tatu za rangi za kemikali, na kwenye karatasi nyingi za miaka ya 70 tabaka la samawati ndilo dhaifu. Linafifia hata gizani ndani ya bati, na joto la pwani linaliharakisha. Likiondoka, sura zote zinabaki nyekundu kama zako. Kwa hiyo foleni yako ni za rangi, halafu zenye kuvu, halafu za albamu, mwisho za studio.

Kabla hujabandua kitu, piga picha kila ukurasa wa albamu mzima jinsi ulivyo. Aliyezipanga alikuwa na sababu yake ya kumweka huyu karibu na yule, na mpangilio huo ukishavurugwa haurudi.

Kuzitoa kwenye gundi: inua nailoni polepole kutoka pembeni. Chukua uzi wa kusafishia meno usio na nta, urefu wa sentimita 40 hivi, upitishe chini ya kona ya picha na uuvute huku na huku kama msumeno, ukiulaza kwenye ukurasa, usiuelekeze juu kwenye picha. Usiikunje picha kuivuta. Uso wa gelatini ukikunjwa unapasuka mistari midogo ambayo hakuna fundi wa kuiondoa. Gundi ikigoma, pasha *mgongo wa ukurasa* kwa draya ya nywele, joto ambalo kiganja chako kinalivumilia, sekunde 20 hivi, ujaribu tena. Ikigoma tena, achana nayo: kata ukurasa kuizunguka picha na uihifadhi hivyo hivyo na kipande chake. Zilizobanduka mgongo wake bado unanata, kwa hiyo weka karatasi ya kuokea katikati, la sivyo zitashikana zenyewe kwa zenyewe.

Iliyogandana na kioo usiivute, wala usiifukize kwa mvuke. Gelatini ililainika kwa unyevu ikakaukia kioo, sasa ni gundi kamili. Ukilazimisha, uso wa mtu utabaki kwenye kioo. Fungua nyuma ya fremu, toa pini na kadibodi, safisha kioo upande wa nje kwa kitambaa kikavu, uinakili kupitia kioo hicho hicho. Kisha iache hapo ilipo, irudishie kadibodi mpya. Ukiweka picha nyingine yoyote kwenye fremu, hakikisha kuna kadibodi nyeupe yenye dirisha, unene wa milimita 2 au 3, ili uso usiguse kioo.

Kusafisha ni kavu tu. Brashi laini ya kuchorea, kutoka katikati kwenda nje. Si mate, si kitambaa chenye unyevu cha kufutia mtoto, si spiriti. Yenye kuvu ipeleke nje ya nyumba, vaa barakoa, iache ikauke kivulini kwanza ndipo uipige brashi. Kuvu mbichi ukiifuta unaipaka. Studio nyingi zilipaka rangi kwa mkono juu ya picha nyeusi na nyeupe, mashavu na midomo hasa. Tone moja la maji linaondoa kazi hiyo yote.

Raba bendi, klipu za chuma na selotepu zitupe leo. Raba ina salfa, na salfa inachafua fedha ya picha. Bahasha za kaki nazo zina asidi, tumia karatasi nyeupe za kawaida, kila picha na karatasi yake. Mfuko wa plastiki wenye harufu kama ya kitambaa kipya cha meza ni PVC, usiutumie. Na bati lisirudi juu ya kabati chini ya mabati. Mahali pazuri ni rafu ya katikati, ukuta wa ndani, mbali na bafu. Vifuko vya silika vya kwenye maboksi ya viatu vinasaidia iwapo chombo kinafunga vizuri tu. Kikiwa na upenyo ni mapambo. Mende pia wanapenda gelatini, kwa hiyo chombo kifunge kwa sababu hiyo pia.

---

kibokoni_

Naongezea upande wa kunakili kwa simu, maana hapo ndipo watu wengi hukosea halafu hulaumu simu.

Meza karibu na dirisha au mlango usiopigwa jua moja kwa moja, saa tatu asubuhi hivi au siku ya mawingu. Taa zote za ndani zima, ukichanganya mwanga wa taa na wa nje rangi zitakuwa mbili. Flashi zima. Chini ya picha tandaza kitambaa cheusi au cha kijivu. Rundika vitabu pande mbili, weka kipande cha kioo au ubao wenye tundu juu, simu ilale hapo ikitazama chini. Tumia kamera ya 2x ikiwa ni lenzi ya kweli, si kuvuta tu kwa vidole, na uiinue hadi sentimita 35 au 40. Ukiikaribia picha kwa lenzi pana kingo zitapinda. Washa mistari ya gridi, weka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise.

Ukiona mng'ao, tafuta kinachong'aa: mara nyingi ni shati lako jeupe au dari. Toboa kadibodi nyeusi tundu la lenzi, ivalishe simu, mng'ao utaisha.

Usikate kingo wakati wa kunakili. Ule mpaka mweupe, meno ya ukingo, alama ya studio pembeni, vyote ni ushahidi. Piga na mgongo pia, hata ukiwa mtupu. Picha 140 ni faili 280. Kwa MB 4 kila moja unapata GB 1 na kidogo tu, hakuna kisingizio cha nafasi. Fanya 25 kwa kikao, zaidi ya hapo macho yanachoka na unaanza kupinda.

Zima kabisa urembo wa sura na kila kinachoitwa uboreshaji. Programu za kufufua picha za zamani hazifufui, zinabuni. Zikikuta uso wa milimita 4 wenye ukungu zinauwekea macho ya mtu mwingine, meno ya mtu mwingine, na kanga zinaipaka rangi ya kukisia. Halafu nakala hiyo ndiyo inayosambaa kwenye kundi la familia kwa sababu inang'aa, na baada ya miaka 10 wajukuu wanamjua bibi ambaye hakuwahi kuwepo. Ukitaka kucheza nayo, cheza, lakini faili lake liandikwe IMEBUNIWA.

Jina la faili lisiwe jina la mtu, maana majina yatasahihishwa. Tumia namba: TNG-001-A uso, TNG-001-B mgongo. Namba hiyo hiyo iandike nyuma ya picha ukingoni kwa penseli laini ya 2B, picha ikiwa imelala juu ya kioo ili isibonyee. Mgongo wa plastiki haushiki penseli, hizo andika kwenye karatasi iliyozifunga. Kalamu ya wino wa kawaida hapana, inatokea mbele.

Ukipata skana ya kuazima, dpi (doti kwa inchi) 600 inatosha kwa picha ya inchi 4 kwa 6 (pikseli 2400 kwa 3600). Pasipoti zile ndogo weka 1200.

---

tarehe_za_nyuma

Swali la pili. Kanuni ni moja: kitu kilichomo kwenye picha kinakuambia "si kabla ya", ni nadra kikuambie "si baada ya". Watu huchanganya hapa.

Mfano kitambaa cha CCM chenye jembe na nyundo: si kabla ya 5 Februari 1977, siku TANU ya bara na ASP ya Zanzibar zilipoungana. Kadi au beji ya TANU inaelekea kabla ya hapo, ingawa mzee anaweza kuivaa kwa mapenzi hata mwaka 1980. Mhuri wa studio unaosema "Tanganyika Territory" unaelekea kabla ya Uhuru wa 9 Desemba 1961, lakini mwenye studio hatupi mhuri mzima kwa sababu ya bendera, mpe miaka kadhaa.

Picha ya rais ukutani: Nyerere peke yake watu wanasema "kabla ya 1985". Hapana. Mwalimu amebaki ukutani ofisi nyingi hadi leo. Kinachosaidia ni rais wa pili aliyewekwa kando yake: Mwinyi 1985 hadi 1995, Mkapa 1995 hadi 2005. Kwa jamaa wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, yaani Kenya, Kenyatta hadi 1978, Moi 1978 hadi 2002, na gari lenye namba ya KAA na herufi mwishoni si kabla ya 1989.

Televisheni sebuleni: bara vituo vilianza 1994, Zanzibar 1973. Kwa hiyo sebule ya Tanga yenye televisheni ni miaka ya 90.

Umbo la picha. Za mraba hutokana na filamu ya 120 ya sentimita 6 kwa 6, au kaseti ya 126 iliyoingia sokoni 1963. Kingo zenye meno ni za zamani kuliko kona za mviringo, na kona za mviringo na uso wenye vinyweleo kama hariri ni mtindo wa miaka ya 70. Mgongo: karatasi iliyoandikwa Velox ni ya Kodak, ya nyeusi na nyeupe, inaelekea kabla ya miaka ya 70. Ile yenye Fujicolor Crystal Archive ni miaka ya 90 katikati na kuendelea, hata kama waliomo wamevaa suruali za bugaluu. Maana yake hiyo ni nakala ya picha ya zamani, na ya asili huenda iko kwa mtu mwingine wa ukoo. Mtafute.

Tarehe ya rangi ya chungwa kwenye kona usiiamini. Betri ikiisha saa ya kamera inarudi mwanzo wake, na wengi hawakuiweka sawa tena. Kama picha 20 za sherehe tofauti zote zina mwaka mmoja, umeshajua.

---

kibokoni_

@tarehe_za_nyuma hapo kwa televisheni nakupinga kidogo. Seti zilikuwepo majumbani kwa ajili ya deki za video kabla ya kituo chochote cha bara. Tazama chini ya televisheni: kuna deki? Kuna antena? Deki bila antena inaweza kuwa miaka ya 80.

Na jambo la studio. Redio, saa, koti, baiskeli, simu ya mezani, vyote vilikuwa vya studio, vinaazimwa kwa dakika tano. Usiandike "babu alikuwa na redio" kwa sababu anaishika. Angalia: redio ile ile iko kwenye picha ya mtu wa ukoo mwingine? Pazia la nyuma ndilo alama ya kidole ya studio. Usitazame mchoro, maana meli na minazi na ngazi za kifahari kila mmoja alikuwa nazo. Tazama kikunjo. Pazia la turubai likikunjwa kila jioni linapata ufa wa rangi mahali pale pale. Picha mbili zenye ufa ule ule juu ya bega zimetoka chumba kimoja, na ile yenye nyufa zaidi ndiyo ya baadaye. Zulia la sakafuni hivyo hivyo, lifuatilie linavyochakaa mbele ya kiti.

Tena, waliomo pamoja huenda hawakuwahi kusimama pamoja. Omar Said Bakor pale Lamu alijulikana kwa kuunganisha: kichwa ndani ya ua, watu wawili kutoka negativi mbili. Studio nyingine nazo zilifanya. Dalili ni kivuli cha pua kuelekea kulia kwa mmoja na kushoto kwa mwenzake.

Kukiwa na namba ya mkono nyuma, pengine kwa penseli, mara nyingi ni namba ya negativi kwenye daftari la studio. Studio za zamani nyingine zilitunza. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, ni mfano wa nyumba ambako hazina hiyo haikutupwa. Ulizia yako kwa mhuri wake kabla ya kukata tamaa.

---

karani_wa_shajara

Mmemaliza karatasi, sasa watu. Wazee watatu ndio haraka yako kuliko kuvu.

Tatizo letu sisi ni kwamba majina ya udugu si majina. "Huyu shangazi." Shangazi wa nani? Mwanamke mmoja pale kwenye picha ni mama kwa huyu, wifi kwa yule, bibi kwako, na mtaani kote ni Mama Hamisi. Ukiandika "Mama Hamisi" umeandika jina la mtoto wake wa kwanza. Jina lake mwenyewe na la baba yake linakufa na mzee wa mwisho aliyecheza naye utotoni. Nenda bati hadi bati, wanaume wana majina matatu nyuma ya picha, wanawake wana "mke wa". Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mwanamke kwenye picha: "Kabla hajazaa, walimwitaje kwao?" Na kwa kila neno la udugu andika nani analisema.

Wakati wa kuuliza usiwape picha ya asili wala simu. Chapisha mbili mbili kwenye A4 ziwe kubwa, na namba chini. Picha ya inchi 3 kwa mzee wa miaka 80 ni kumtesa. Rekodi sauti kwa simu nyingine, taja namba kwa sauti kila mnapohama: "Sasa ni kumi na saba." Bila hivyo utasikiliza saa nzima ya "huyu hapa na huyu hapa" usijue ni yupi.

Usimtilie maneno kinywani. Ukisema "huyu si ndiye babu Saidi?" atakubali kwa adabu. Sema "tuanze kushoto." Halafu maswali yanayofungua: nani alipiga? Nguo hii ilikuwa ya nani? Siku hiyo nani hakuwepo? Baada ya kupiga mlikwenda wapi? Swali la asiyekuwepo ndilo linalotoa zaidi, jaribu. Na kanga: kuza maandishi uyasome kwa sauti. Kina mama wanakumbuka jina la kanga na lini ilitoka kuliko wanavyokumbuka tarehe ya harusi yenyewe. Maandishi yakisomeka kinyume, ujue picha iligeuzwa ilipochapishwa, basi na kushoto-kulia yako yote igeuze.

Wazee wawili waulizwe mbalimbali. Wakipingana andika yote mawili, na nani kasema, na siku gani. Safu za jedwali lako: namba, waliomo kuanzia kushoto (walioketi kwanza, kisha waliosimama), mahali, mwaka, hakika au kadirio, msemaji, tarehe ya kusema. Dakika 40 zinatosha kwa kikao.

Picha iliyokatwa mtu kwa mkasi: usiitengeneze, usiulize mara ya kwanza. Ataisema mwenyewe au hataisema.

Jingine, na hili si dogo. Picha za ndani za harusi, wanawake bila buibui, singo (bibi harusi akisuguliwa manukato), ngoma za kina mama, zilipigwa kwa macho ya waliokuwemo. Tenga folda yake, waulize waliomo au watoto wao kabla hujaitupia kundi la ukoo lenye watu 90. Wengine hawataki ya marehemu isambazwe. Andika jibu lao kwenye jedwali.

---

mnyanjani_tz

Ahsanteni sana. Hilo la Mama Hamisi limenigusa, nimegeuza picha tano sasa hivi na zote ziko hivyo hivyo. Mbili zimebaki: nyumba, na zile negativi. Nyumba ina ukumbi, vyumba vinne, ua na jiko la nje.

---

mwanga_wa_mlangoni

Nyumba ni kazi ya siku mbili na kisha ya miezi minne. Zitenganishe.

Siku mbili ni za rekodi. Washa kirekodi cha mahali (location) kwenye kamera, hakikisha saa ya simu ni sahihi. Kila chumba simama kona zote nne, simu kifuani, wima wa ukuta uwe wima, lenzi ya kawaida. Milango ibaki wazi ili picha ya chumba ionyeshe kinachofuata, hapo ndipo mtu wa baadaye ataweza kuiunganisha nyumba kichwani. Halafu dari, sakafu, bawaba, swichi, boriti. Na usiruhusu mtu afagie au atandike kabla. Najua utapingwa, hakuna mama wa pwani anayekubali nyumba yake ipigwe picha ovyo. Piga moja iliyopangwa ya kumridhisha, halafu rudi kesho yake asubuhi.

Miezi minne ni ya matumizi. Kitu peke yake hakisemi mengi. Mbuzi ya kukunia nazi ukiipiga imeegemea ukuta ni kipande cha mbao chenye chuma. Ipige mara tatu: kutoka juu, uone kikalio kilivyong'aa upande mmoja kwa sababu mkaaji hukaa mshazari, karibu kabisa, sentimita 15, meno ya chuma yaliyolika katikati na kubaki makali pembeni, na inapotumika, kutoka kimo cha mtoto aliyechuchumaa, mikono na kifuu. Picha ya tatu ndiyo inayobeba mtu. Fanya hivyo kwa vitu kumi tu: ufunguo, kinu, kitanda cha kamba, beseni, kile kiti ambacho mgeni hakalii. Vitu mia hutavimaliza.

Halafu chagua sehemu moja, sema kizingiti cha mlango wa ua, uipige kila siku mbili, saa ile ile, miguu yako mahali pale pale. Tia alama ya chaki sakafuni. Baada ya wiki sita utaona ndara za nani huwa hapo na za nani hazipo.

Mwanga: mzee mwenye kanzu nyeupe mbele ya mlango uliofunguka, simu inapimia weupe, uso unakuwa giza. Mgeuze aelekee mlangoni, wewe uwe kati yake na mwanga, kidogo pembeni. Bonyeza uso wake kwenye skrini ushikilie hadi ijifunge, kisha ongeza au punguza mwanga kidogo hadi uone ngozi, si weupe wa kanzu. Baada ya saa kumi alasiri ua unakuwa na mwanga mlaini. Saa sita mchana mabati yanarusha mng'ao juu ya kila kitu, pumzika.

Usiseme "tazama hapa". Mfundishe kila mtu akuzoee kwa siku tatu za kupiga bila kuonyesha picha. Ukionyesha, wanaanza kujipanga.

Kurudia picha ya zamani mahali pale pale: kamera ya 1x, ile ya kawaida, ni pana mno, kamera za 6 kwa 6 zilikuwa na mtazamo unaokaribia 2x yako. Tafuta kwenye picha ya zamani vitu viwili, kimoja karibu kimoja mbali, kwa mfano nguzo ya baraza na ukingo wa dirisha. Sogea kushoto au kulia hadi nguzo ilifunike dirisha kwa kiasi kile kile, ndipo usogee mbele au nyuma kwa ukubwa. Ukianza na ukubwa hutafika. Fanya hii kabla paa halijaondoka, kwa sababu baada ya hapo nguzo haitakuwepo ya kukuongoza.

Na wewe uingie kwenye picha. Wapiga picha wa ukoo ndio wanaokosekana kwenye kila albamu.

---

dawa_na_karatasi

Negativi. Kwanza zinuse. Harufu ya siki ni plastiki ya asetati inayooza, na mvuke wake unaozesha jirani zake. Hizo zitenge bahasha ya karatasi isiyofungwa kabisa, uzinakili wiki hii.

Shika kingo tu. Chukua simu ya pili au tableti, fungua ukurasa mweupe, mwanga hadi mwisho, zima ile rangi ya njano ya usiku. Juu yake weka kioo au plastiki nyeupe ya maziwa, na uinue sentimita 3 hadi 5, la sivyo doti za skrini zitaonekana kama chandarua. Negativi ilale upande unaong'aa ukikutazama. Ule wa matte ndio wenye picha, unaelekea chini. Maandishi ya ukingoni yakisomeka sawa umeweka sawa. Funika pembeni yote kwa kadibodi nyeusi yenye dirisha la ukubwa wa negativi, chumba kiwe giza. Kisha geuza rangi kwenye programu yoyote ya picha. Za nyeusi na nyeupe zitatoka mara moja. Za rangi zina utando wa chungwa, zitatoka buluu, hizo ni afadhali usubiri skana yenye taa ya juu. Dpi 2400 kwa filamu ndogo inakupa kama pikseli 3400 kwa 2270.

Usiikate ile mikanda ya negativi yenye picha sita sita. Picha ya kabla na ya baada kwenye mkanda mmoja zilipigwa kwa mfuatano, na mara nyingi ile iliyotikisika ambayo hakuna aliyeichapisha ndiyo yenye mtu unayemtafuta.

Nakala: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, moja mtandaoni. Kadi ya simu isihesabiwe. Ukimtumia ndugu kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama picha inabanwa na taarifa zake za ndani zinafutwa. Maelezo ya jedwali yaingize ndani ya faili lenyewe kwa programu ya digiKam, ni ya bure, ili picha isafiri na majina yake.

---

karani_wa_shajara

@mnyanjani_tz zile tano ulizogeuza, usiongeze jina jipya juu ya maandishi ya zamani wala usiyafute. Liandike chini yake kwa penseli, na tarehe ya leo.